Seti ya kuvulia trauti wa madoa: cha kununua na cha kuacha ukiwa Kigoma

Boksi lina picha ya samaki mrefu wa rangi ya fedha, mwenye madoa meusi mgongoni, na ndani yake mna karibu kila kitu anachohitaji mtu anayeanza kuvua kwa fimbo kwenye maji mafupi. Seti za namna hii huagizwa mtandaoni na kufika Kigoma kwa basi, zimezungushiwa sandarusi na gundi ya karatasi. Samaki wa pichani hayupo Ziwa Tanganyika na hajawahi kuwapo. Ni trauti wa madoa, Cynoscion nebulosus, mkaazi wa pwani ya Atlantiki ya Marekani na Ghuba ya Meksiko. Hata hilo jina la trauti amepewa kwa kufanana tu. Ukoo wake ni ule wa samaki wanaonguruma kwa kutikisa kibofu cha hewa tumboni.

Mnunuzi wa Bangwe, Katonga au Ujiji, hapa ufukweni Kigoma, ana swali moja basi: kati ya vitu hivi, vipi vitamvulia kuhe, yule mwindaji mkubwa wa Ziwa Tanganyika, na vipi vilitengenezwa kwa ajili ya maji ya watu wengine?

Jibu la haraka kwa asiye na muda: fimbo, rili (mashine ya kukunjia uzi), uzi na miwani vina thamani yake. Samaki wa mpira wanafaa kwa masharti. Boya la kelele ni la siku chache katika mwaka, na ile karatasi ya maelekezo iwashie jiko.

Tuanze na fimbo. Ni ya vipande viwili, urefu mita 2.1, laini kwenye ncha na ngumu kidogo kuelekea kishikio. Ulaini huo una sababu. Trauti wa madoa ana mdomo mwepesi kama karatasi, ukimvuta kwa fimbo ngumu ndoano inachana na samaki anaondoka. Kuhe si hivyo. Mdomo wake ni mpana na mgumu, na fimbo laini ikitikiswa kwa woga ndoano haiingii. Ukihisi amegonga, zungusha rili mpaka uzi ukaze kabisa, kisha vuta fimbo kwa pembeni, mvuto mmoja mrefu. Wanaoanza hunyanyua fimbo juu kwa haraka uzi ukiwa bado umelegea. Kinachosogea hapo ni ncha ya fimbo, ndoano imekaa palepale.

Kabla hujalipa, fanya kipimo kimoja dukani. Pitisha pamba ndani ya kila pete ya fimbo. Ikinasa nyuzi, pete hiyo ina ufa, na ufa huo utakata uzi wa kusuka ndani ya wiki moja. Fimbo za bei hii husafiri vibaya na pete ya ncha ndiyo huumia kwanza. Kwenye maungio ya vipande viwili, paka nta ya mshumaa kidogo. Bila nta kipande cha mbele hujizungusha polepole kila unaporusha, na siku moja kitaufuata uzi majini.

Rili ni ya ukubwa wa 2500, inatosha. Lawama yetu ni breki, ile inayoachia uzi samaki akivuta kwa nguvu, ambayo hutoka kiwandani imekazwa hovyo, na karatasi inasema tu urekebishe "ipasavyo". Ipasavyo ni ngapi? Uzi wa kusuka uliomo una nguvu ya kilo 4.5, na breki inatakiwa iachie kwenye karibu robo ya nguvu hiyo, yaani kilo moja na kitu. Chupa ya maji ya lita moja ikijaa ina uzito wa kilo moja. Pitisha uzi kwenye pete zote za fimbo, funga chupa mwishoni, inyanyue polepole kutoka chini. Breki ikiachia uzi kwa ulaini, chupa ikashuka bila kurukaruka, umepata. Ikishuka kwa mishtuko, breki ni chafu au sahani zake ni mbovu; irudishe dukani mapema.

Kuvisha uzi kwenye bobini ndipo seti hizi huharibikia mikononi mwa mnunuzi. Uzi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye bobini ya chuma huteleza. Fundo linakaa, lakini uzi wote unazunguka kama pete kidoleni, na utadhani breki imekufa. Anza na mita tano hivi za nailoni ya kawaida, ile ya mshipi, kisha unganisha uzi wa kusuka juu yake. Unapovisha, bana uzi kwa kitambaa kilicholowa ili ulale umekaza. Jaza bobini mpaka ibaki milimita mbili kufika ukingoni. Ukijaza mpaka mdomoni, mizunguko miwili mitatu hutoka kwa pamoja wakati wa kurusha na kutengeneza kiota cha ndege ambacho hata kucha za binti wa saluni hazifungui. Ukiacha pungufu sana, uzi unasugua ukingo na masafa yanapungua.

Tabia nyingine ya kujifunza mapema: baada ya kurusha, ule waya wa kufungia uzi ushushe kwa mkono, usiugonge kwa kuzungusha kishikio. Kisha vuta uzi kidogo kwa vidole uhakikishe hakuna mzunguko uliolegea juu ya bobini. Viota vingi huzaliwa hapo, ndani ya sekunde mbili, na watu hulaumu uzi.

Sasa uzi mwangavu wa mbele, unaofungwa kati ya uzi wa kusuka na chambo. Seti ina mita kadhaa za uzi wa kilo 9, na karatasi inaelekeza ukate kama sentimita 45 na kuuning'iniza chini ya boya. Ghuba ya Meksiko ina sehemu nyingi za maji ya matope, na huko kipande kifupi kinatosha. Kwenye miamba ya Katonga maji ni meupe kiasi kwamba siku tulivu unahesabu mawe mita kadhaa chini. Uzi wa kusuka, hasa wa kijani au njano, unaonekana kama kamba ya kuanikia nguo. Weka mita moja na nusu hadi mbili za uzi mwangavu. Pia ndio unaokwaruzana na miamba. Ule wa kusuka ukigusa jiwe lenye ncha huku umevutwa, unakatika bila kukuaga.

Kuunganisha nyuzi mbili hizo, fundo la yuni mara mbili linatosha. Laza nyuzi sambamba zipishane kama sentimita 20. Kwa ncha ya uzi wa kusuka tengeneza kitanzi, pitisha ncha ndani ya kitanzi mizunguko minane ukizungushia nyuzi zote mbili, vuta. Kwa uzi mwangavu fanya vivyo hivyo, mizunguko minne au mitano, maana ni mnene. Lowesha mafundo kwa mate, kisha vuta nyuzi ndefu mpaka mafundo mawili yakutane. Mate si ushirikina. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo. Likikaa likiwa limepinda au lina kijishimo cheupe, likate ufunge upya.

Vyambo ndipo mambo yanapokuwa ya kupendeza, na ndipo pesa nyingi ya boksi ilipopotea.

Boya la kelele kwanza, kwa sababu ndilo linalouza seti. Ni boya lenye mdomo uliochimbwa kama kikombe, limechomekwa kwenye waya wenye shanga. Ukilivuta kwa mshtuko linamwaga maji na kulia "pop", kama samaki anayekula uduvi juu ya maji. Trauti wa madoa hupenda sana uduvi, na kwenye maji yenye tope husikia kabla ya kuona. Akili hiyo ni nzuri, ila ni ya kule. Uduvi wa Ziwa Tanganyika ni wadogo mno. Uduvi wa mpira wa sentimita nane ukining'inia mbele ya samaki wa Bangwe ni kioja. Na kwenye maji meupe yaliyotulia, ule mlio hufukuza kuliko kuita.

Lina siku zake, hata hivyo. Masika, mto Luiche unapomwaga maji ya udongo kusini mwa Ujiji, huchorwa mstari ziwani: upande huu kahawia, upande ule kijani. Samaki wawindaji hukaa upande wa kijani wa mstari huo wakisubiri vidogo vinavyopotea njia. Hapo boya linafanya kazi, hasa kukiwa na mawimbi. Livute mara mbili, liache kwa hesabu ya kumi, rudia. Kosa la kawaida ni kulivuta mfululizo kama anayepiga pampu ya baiskeli. Samaki hugonga wakati wa kimya. Badala ya uduvi, funga chini yake samaki mweupe wa mpira. Na usiingie majini, kwa sababu tutakazozieleza.

Vichwa vya risasi, yaani ndoano zenye kichwa cha madini ya risasi cha kuzamishia chambo, ni vya gramu 3.5 na gramu 7. Kwenye mchanga, vya gramu 7 ni sawa. Kwenye mawe, tumia 3.5 tu na uanze kuzungusha kabla hakijagusa chini. Boksi limefikiria chini ya bahari yenye nyasi na vitanda vya chaza. Halikufikiria miamba iliyorundikana kama magunia ya mkaa. Anayevua na vya gramu 7 mbele ya miamba atamaliza pakiti kabla ya chai.

Samaki wa mpira wamekuja kwa rangi tano. Waridi na kijani cha kuumiza macho ni vya maji machafu. Mweupe na wa fedha mwenye mgongo mweusi ndio wa hapa, na sababu iko mwaloni Kibirizi kila asubuhi kwenye vichanja: wawindaji wa ziwa hili wamekua wakila dagaa, na dagaa ni fedha ubavuni, giza mgongoni, urefu wa kidole. Chagua mpira wa sentimita saba hadi tisa. Uvishe ukiwa umenyooka. Ukipinda hata kidogo, chambo kinazunguka kama feni na kusokota uzi wote. Pima kwanza: weka mpira kando ya ndoano, tia alama ya kucha pale ndoano itakapotokea, ndipo uchome.

Lakini tuseme ukweli ambao boksi haliwezi kuusema. Dagaa mbichi mmoja wa Kibirizi, akifungwa kwa uzi mwembamba wa kushonea kwenye kichwa cha risasi cha gramu 3.5, huwashinda samaki wote wa mpira. Kasoro yake ni ulaini. Bila kumzungushia uzi mara sita saba anachomoka unaporusha. Na wakati wa mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazikusanyi dagaa vizuri na mitumbwi mingi hupumzika, kumpata mbichi ni kazi. Hapo ndipo mpira unapopata heshima yake.

Kuna pia chambo kigumu cha plastiki, sentimita tisa, kinachotangazwa kuwa kinaelea katikati ya maji bila kupanda wala kuzama. Hiyo ni kweli kwenye maji ya chumvi. Maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5 kuliko maji baridi, kwa hiyo chambo kilichosawazishwa baharini huzama polepole Tanganyika. Watu hudhani wameuziwa bandia. Kimetengenezwa vizuri, ila kwa maji mengine. Ondoa zile ndoano za mikia mitatu, weka ndoano moja nyepesi nyuma. Kitazama taratibu zaidi, kitanasa mawe mara chache, na kumtoa samaki hakutakuwa upasuaji.

Karatasi ya maelekezo inatumia nusu ya nafasi yake kueleza maji kujaa na kupwa. Ziwa Tanganyika halina kujaa na kupwa kwa kumfaa mvuvi. Inafundisha pia kuwafuata samaki kwenye mashimo wakati wa baridi. Maji ya juu ya ziwa letu hukaa kati ya nyuzi 24 na 28 hivi mwaka mzima. Na inasema utafute utando wa mafuta juu ya maji wenye harufu ya tikitimaji, ishara ya trauti wanaokula. Ishara hiyo ni ya kweli huko Texas na Louisiana. Kibirizi, utando wa mafuta maana yake kuna mtu kamwaga petroli akijaza injini.

Ishara za kuziamini hapa ni nyingine. Mdiria anayepepea hewani sehemu moja na kurudiarudia kupiga mbizi anakuonyesha vidagaa vilipo. Vidagaa vikiruka kwa mkupuo, kama konzi ya mchele iliyotupwa juu, chini yake kuna mkubwa. Zaidi ya yote, tafuta mpaka. Kuhe huwinda pale mawe yanapoishia na mchanga kuanza. Ukisimama kwenye mwamba wa Bangwe ukaona chini giza la mawe linakatika ghafla na kuwa weupe wa mchanga, rusha chambo kipite sambamba na mstari huo. Ukikirusha moja kwa moja mbele, kinauvuka mstari mara moja tu na muda wote uliobaki kinapita mahali pasipo na kitu. Sambamba, kinakaa kwenye njia yake safari nzima.

Kuuona mpaka huo kunahitaji miwani, na hapa seti imefanya jambo jema. Miwani yake huondoa mng'ao wa juu ya maji. Thibitisha kwa simu: iangalie skrini kupitia miwani, kisha zungusha simu polepole. Skrini ikitiwa giza kwenye pembe fulani, miwani ni ya kweli. Isipobadilika hata kidogo, umepewa miwani ya harusi.

Mwanga wenyewe una hesabu yake kwa mtu wa Kigoma. Tuko ukingo wa mashariki. Asubuhi jua linatoka nyuma yako, nyuma ya vilima, kwa hiyo maji mafupi hubaki kivulini muda mrefu baada ya kupambazuka, na wawindaji hukaa karibu na ufuko. Jua likishavuka vilima unaona chini vizuri sana, lakini kivuli chako kinalala juu ya maji kama mtu mzima wa pili. Chutama, au sogea nyuma mita tatu. Jioni ni kinyume: jua linazama upande wa Kongo na kukupiga machoni, huoni chini, ila nao hawakuoni vizuri. Anayejifunza aanze asubuhi ili aone anachokosea.

Mawili matatu ambayo boksi limekosa kabisa. Halina waya wa mbele. Karibu na mdomo wa Malagarasi, upande wa Ilagala, yupo Hydrocynus, samaki wa milia ambaye meno yake yanachomoza nje hata akifumba mdomo. Uzi wa kilo 9 kwake ni tambi. Bila sentimita 20 za waya mwembamba unampa zawadi. Halina koleo la mdomo mrefu la kutolea ndoano, nalo ni la lazima. Na picha ya mtu aliyesimama majini hadi kiunoni, akiburuza miguu ili kuwafukuza samaki aina ya taa, usiiige. Taa wa kuchoma hawapo ziwani humu. Mamba wapo, hasa kwenye midomo ya mito, na kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani karibu na makazi. Vua ukiwa juu ya mwamba mkavu, viatu vyenye soli ya mpira; mwamba wenye utelezi wa kijani usiukanyage kabisa.

Rili haina chumvi ya kuogopa hapa. Adui ni mchanga. Usiilaze chini hata mara moja, na ikiangukia mchangani usizungushe kishikio mpaka uioshe.

Kabla ya kurusha, pita kwa afisa uvuvi au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika, uulize leseni na eneo. Gombe ni hifadhi na ina masharti yake. Na ujue kuna misimu ya kufunga: mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Hilo la kuzaliana linamhusu kuhe kuliko wengine. Ni mmoja wa samaki wakubwa kabisa wa ukoo wa sato duniani, na dume na jike hulinda makinda yao pamoja kwenye maji mafupi. Watafiti wanaeleza kuwa huzaa mara moja tu maishani. Ukiona wawili wakubwa wamesimama palepale juu ya mchanga na wingu la vijisamaki katikati yao, watakigonga chambo chochote kwa hasira. Si ustadi kuwapata hao. Rusha kwingine.

Dhidi ya mshipi wa mkono, seti hii inashinda ukiwa ufukweni, kwa sababu inarusha chambo chepesi mbali na kukiendesha. Ukiwa kwenye mtumbwi juu ya maji marefu ukitafuta migebuka, mshipi bado ni bora na ni rahisi mara nyingi zaidi. Kwa mwenye mtumbwi, boksi hili ni anasa. Kwa wa ufukweni, mwambie muuzaji akuuzie fimbo, rili, nyuzi na miwani peke yake. Akikataa kuvunja seti, chukua yote, ukate ule uduvi wa mpira vipande vya sentimita mbili: kipande kimoja kikichomekwa mbele ya fundo la uzi unaomfunga dagaa, humzuia asichomoke.